Kilo za Mama

Uwanja wa ndege wa kisiwani ninakofundisha haukosi kitu. Una mabenchi mawili, una feni inayozunguka ikijisikia, na una bwana mmoja mwenye kizibao cha kung'aa ambaye ndiye idara zote. Anakagua tiketi yako, anapima begi lako, analisukuma kwenye toroli, kisha anavuka mstari uliochorwa sakafuni na kukuuliza, kama vile hamjapata kuonana duniani, una kisu wewe?

Halafu kuna mizani. Ndege zetu ni ndogo, kwa hiyo unapimwa wewe na begi lako, mbele ya kadamnasi, na kilo zako zinasomwa kwa sauti kama matokeo ya darasa la saba. Mizani hiyo ndiyo niliyoitegemea mimi, mwalimu wa hesabu mwenye akili zangu.

Mama alikuwa kwangu mwezi wa pili sasa, amevuka kwa boti kutoka Mbuchi na nusu gunia la mchele na kikohozi. Kikohozi, alisema, ni moshi wa kuni. Kwangu tunapikia gesi, na alipoendelea kukohoa ikawa ni harufu ya gesi. Magauni yalipoanza kumpwaya, kosa likawa la sabuni yangu, inatanua nguo. Nilimbembeleza nimpeleke hospitali Dar, naye kila nikitaja hospitali anataja mpunga. Mpunga wake ulikuwa umeanza kutoa masuke, na dungu lake shambani halina mtu wa kukaa juu kuamia ndege wasiule.

"Mie nilale kitanda cha chuma, ndege wale jasho langu? Huna haya we mwana!"

"Mama, mficha maradhi kilio humfichua."

"Na mtangaza maradhi je, hafi?"

Mjibu huyo wewe. Zahanati alikataa kukanyaga, ati yeye si mtoto wa kliniki. Basi siku moja tunakula nikamtegea. Nikamwambia tutakwenda Dar kwa ndege, na uwanjani atapimwa apende asipende. Akifika kilo hamsini, tukishuka nampandisha basi la Kibiti, arudi kwake akagombane na ndege wake. Akiwa chini ya hamsini, moja kwa moja hospitali, na sitaki kusikia habari ya mpunga.

Akatafuna kwanza. "Wanapima na nguo?"

"Na nguo, mama. Nani atakuvua?"

Akacheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka, maana nilijiona mjanja kupita wajanja wote.

Siku ya safari akatoka chumbani kavimba. Kaambiwa angani kuna baridi, kavaa magauni mawili, kanga sijui ngapi, na baibui juu yake, joto lile la kukaanga samaki juani. Anatembea taratibu, miguu kaitanua, mkono kashika kiuno. Nikamtania njia nzima. Nikamwuliza anakwenda Dar au anakwenda kwa Wazungu kwenye theluji. Akanijibu, "Nicheke tu, utanikuta mbele."

Uwanjani aliyetutangulia ni bwana mmoja mnene, na kilo zake zilipotangazwa benchi zima likaguna. Mama akaamkiwa "Shikamoo bi mkubwa," akaitika "Marahaba mwanangu," akapanda mizani bila ubishi wowote. Mtu aliyekataa mizani ya zahanati kwa matusi! Hapo tu ningepaswa kushtuka.

"Hamsini!" akasoma bwana wa kizibao. "Hamsini kamili."

Mama akanigeukia akaninyooshea mkono, kama anayedai ushindi wa bao. Moyo ukaniuma na ukafurahi papo hapo. Labda kweli ni sabuni yangu, nikajiambia. Basi la Kibiti lilikuwa limeshapata abiria.

Ilibaki kuvuka ule mstari. Bwana wa kizibao akampitishia kile kidude cha kukagulia, kikalia kifuani. Kikalia kiunoni. Kikalia mgongoni, kikalia mapajani, kikawa hakinyamazi. Mama akatazama feni. Yule bwana, mtu wa heshima zake, akarudi nyuma hatua mbili akaniambia, "Mwalimu, hebu msaidie mama pale nyuma ya pazia."

Nyuma ya pazia mama akainua mikono mwenyewe. Nilimvua baibui, nikamfungua kanga, na ndipo nikaona. Pini. Pini za kanga kila mahali, na kila penye pini pana kifuko cha mchele. Ule mchele aliouleta mwenyewe kutoka Mbuchi, kaupima kwa kipimo changu cha jikoni, kaushonea vifuko kwa kitambaa cha foronya yangu. Nikabandua kimoja kimoja, naye akazidi kuwa mdogo mikononi mwangu. Cha mwisho kilipotoka mbavu zake zikaonekana juu ya gauni la ndani.

"Afadhali," akasema. "Zile pini zilikuwa zinanichoma."

Nikataka nimkaripie. Nikaishia kumfunga kanga upya.

Vifuko vikatiwa begini, akapimwa upya. Safari hii yule bwana hakutangaza. Aliandika tu, akanigeuzia karatasi nisome mwenyewe. Arobaini na tatu.

Kwenye ndege alikaa dirishani. Tuliponyanyuka alishika mkono wangu kwa nguvu, akasoma dua zake, kisha akatulia. Baada ya muda delta ya kwao Mbuchi ikatokea upande wake wa kushoto, mikoko na mito imejikunjakunja, na huko ndani mahali fulani ndiko liliko shamba lake.

"Wanakula saa hizi," akasema.

"Waache wale, mama."

Hakubisha, na hilo likaniogopesha kuliko kikohozi. Mimi nilikuwa najumlisha na kutoa, ndiyo kazi inayonilisha. Vifuko saba, kila kimoja kilo. Si vitano, si kumi. Arobaini na tatu na saba, hamsini kamili. Hesabu hiyo haifanyiki mpaka mtu awe anaijua ile arobaini na tatu.

"Mama, ulipimwa wapi?"

Akaendelea kutazama nje.

"Zahanati. Ijumaa, weye uko shule."

"Ulikwenda peke yako?"

"Peke yangu. Nesi alitaka kukupigia simu akwambie alichokiona, nikamkataza. Nikamwambia huyo mwanangu umwone hivyo hivyo na mdomo wake, ni mwoga tangu mdogo. Mwache kwanza asafiri."