Samaki Waliokwama kwenye Viroba vya Shemeji

Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo anayejua zaidi anisahihishe. Naandika nilichokiona tu.

Mto wetu ni mdogo, unashuka kutoka mabonde ya huku Matembwe. Nilipoolewa hapa ulikuwa na samaki wa kwetu, mwembamba, mwenye sharubu mbili, ambaye hata ukiwa umeshiba unamtamani. Baadaye wakaadimika, na upande wetu wa juu wakatoweka kabisa. Tulisikia tu kwamba wachache wamebaki chini, kwenye dimbwi la darajani.

Kila mtu alikuwa na wa kumlaumu. Wapo waliosema mikaratusi imeunywa mto. Wapo waliosema ni dawa ya viazi, tunavyosuuza mabomba ya kupulizia majini. Wengine wakawataja wanaotwanga utupa na kuumwaga mtoni ili samaki walewe. Bwana samaki, afisa wa uvuvi kutoka Njombe, akaongeza wale samaki wa kigeni walioletwa zamani, kwamba wanakula watoto wa wenyeji. Mimi naona wote walikuwa na haki, kila mmoja kwa kipande chake.

Kijiji kikanichagua niongoze kamati ya mto, nadhani kwa sababu sipigi kelele. Tukakata mikaratusi ya kingoni, ukiwamo mstari wa mume wangu, ambaye alininunia hadi nikazoea. Utupa tukaukataza. Mabomba yakasuuzwa mbali. Misimu ikapita, maji yakaongezeka hata kiangazi, lakini samaki hakuna. Watu wakachoka. Mwenyekiti akatangaza kuwa mkutano ujao utaamua makatazo yaendelee au yafutwe, na nilijua yangefutwa. Hata mimi nilianza kujiuliza kama sikuwa nimewasumbua watu bure.

Kabla ya mkutano huo mvua ya kwanza ikanyesha. Asubuhi yake nikashuka kwenye vinyungu, bustani zetu za bondeni tunazolima kiangazi. Ili maji yaingie kwenye mfereji wa kinyungu, lazima uuzibe mto. Wazee waliziba kwa mabonge ya nyasi na matawi. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye kinyungu chake ndicho cha chini kuliko vyote, kwa miaka kadhaa alikuwa anaziba kwa viroba vya mbolea alivyojaza mchanga. Kazi safi, haivuji. Tulimsifu sote, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Chini ya viroba vile maji yalikuwa yanachemka. Nikachuchumaa nitazame vizuri. Walikuwa ni wao, wenye sharubu, matumbo yamejaa mayai, wanaruka, wanagonga viroba, wanaanguka, wanaruka tena.

Jirani yangu akatokea na ndoo ya kuchotea maji. "Kamwene dada!" akanisalimia. "Weee! Ngoja nilete ungo!"

"Usiwaguse."

"Nisiwaguse? Wamenifuata wenyewe, halafu nimfukuze mgeni?"

Shemeji naye akafika, jembe begani. Nikamwomba afungue viroba.

"Na mahindi yangu, shemeji? Ndiyo kwanza yanabeba."

Mahindi hayo alikuwa anayategemea kuyauza mabichi Makambako, kwa abiria wa mabasi. Mvua ya kwanza haiaminiki, inaweza kukatika mahindi yakaungua. Nikamwambia una haki.

"Unanipa haki huku unaninyang'anya maji! Haki ya wapi hiyo?"

"Hawa wasipopanda leo, shemeji, mkutanoni sina la kusema."

Samaki mmoja aliruka akaangukia juu ya kiroba, anatapatapa. Shemeji akamwinua kwa mikono miwili, akamtupia upande wa juu. "Huyu nimempa lifti."

Jirani akacheka. Halafu likasemwa lile neno: kwamba maziba ya nyasi ya wazee yalibomoka yenyewe kila mvua ya kwanza. Shemeji anadai alisema yeye, mimi nadhani alisema jirani. Vyovyote vile, tulitazamana. Ubovu wa yale maziba ndio uliokuwa mlango wa samaki, na sisi tulikuwa tumeufunga kwa kazi safi.

Shemeji akavua viatu, akaingia majini, akang'oa viroba vya katikati. Maji yakafunguka kwa kishindo. Samaki wakapita kwenye miguu yake, wengine wakimgonga, naye anapiga kelele, "Taratibu! Njia ni yenu yote!" Jirani akapiga vigelegele, ndoo yake tupu kichwani.

Mvua ilikatika kweli. Shemeji akaziba pengo kwa nyasi, lakini mahindi ya ukingoni yalikuwa yameshakauka, na ni lazima niliandike hilo kwa sababu hasara ilikuwa yake. Mkutanoni sikuhitaji kuhutubia. Watu walikuwa wameshawaona samaki pale wanapochota maji. Makatazo yakabaki, likaongezwa la kuziba kwa viroba, na aliyelipendekeza ni shemeji mwenyewe.

Wale samaki wa kigeni bado wapo, sitadanganya. Lakini msimu uliofuata, mvua ya kwanza iliponyesha, nilimkuta shemeji ameshatangulia mtoni. Ziba lake la nyasi likatikisika, likapasuka katikati, na wenye sharubu wakaanza kupanda.

"Shemeji, njoo uone!" akaita. "Wageni wangu wamerudi, na wameleta ukoo mzima!"