Mbuga Zote Ziko Ng'ambo ya Mto

Baba yangu alikuwa mpiga picha Koboko, na kwa zaidi ya miaka kumi hakuwa amevuka daraja la Pakwach. Mtu wa kwetu haulizi sababu. Mto Nile unatutenga na Uganda nzima, na mwaka 1979, serikali ya mtu wa kwetu ilipoangushwa na familia za askari kama yetu zikakimbilia Zaire na Sudan, daraja lile likawa kama mlango ambao hujui nani amesimama nyuma yake. Baba alikuwa amefanya kazi ya kupiga picha za vitambulisho kambini. Mama alizoea kusema kwamba kitu pekee mumewe alichowahi kupiga jeshini ni picha. Lakini nani angesimama barabarani kusikiliza maelezo hayo?

Tulipokimbia, watu walibeba magodoro, sufuria na kuku. Baba alibeba kamera, na mfuko wa picha ambazo wenyewe hawakuwa wamekuja kuzichukua. Kule Zaire alizunguka kambi moja ya wakimbizi baada ya nyingine akiwatafuta. Mwanamke mmoja alipewa picha ya harusi yake akiwa amejitwisha kuni. Nilikuwa mtoto, nikamuuliza Baba kwa nini anajisumbua. Alinijibu kwamba picha ina mwenyewe.

Mimi nilikua hivyo, mtu wa kuuliza. Niliuliza kwa nini msikitini wanawake wanakaa nyuma, kwa nini ugali wa muhogo hausongwi na wanaume, kwa nini mpaka unapita hapa na si pale wakati mashangazi zangu wako pande zote tatu. Tuliporudi kutoka Zaire nilienda chuo kikuu, Kampala, kikanizidishia ugonjwa huo. Kila muhula Baba alinisindikiza hadi stendi ya mabasi Arua, akanifungia begi juu ya basi, akanipa karanga, akageuka. Nikimwambia aje siku moja aone chuo, alikuwa na jibu moja: "Studio nani atafungua?"

Nilipomaliza masomo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilirudi nyumbani na kukuta pazia la studio limechakaa. Lilikuwa limechorwa na fundi kutoka Zaire: maporomoko ya maji, twiga mmoja, ndege ya abiria, na simba mwenye uso wa mtu anayesubiri kupandishwa cheo. Wateja walianza kwenda Arua, kwenye studio yenye bango kubwa la mbuga ya kweli. Nikamwambia Baba twende mbugani tupige picha zetu, tumpe fundi achore kitu alichokiona.

"Mbuga gani?" akauliza, na macho yake yakawaka. Sikutegemea. Kumbe alikuwa amelifikiria jambo hilo muda mrefu.

"Garamba," alisema kabla sijajibu. "Iko hapa tu, ng'ambo ya mpaka, Zaire. Iko na vifaru."

"Iko na nyasi ndefu kuliko tembo, Baba. Lenzi yako ni fupi. Utapiga nyasi."

"Nyasi pia ni mandhari."

Mama, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, alicheka mpaka ungo ukatikisika.

Nikachora ramani sakafuni kwa chaki. Kidepo: milima mizuri, anga pana, lakini wanyama wako mbali, na lenzi ni ile ile. Mbuga ya kusini magharibi: simba wanaopanda miti, lakini safari ya siku nyingi. Maporomoko ya Murchison: mto, na wanyama wanaokuja wenyewe kunywa maji, hatua chache kutoka kwenye mashua. Kwa kamera yetu, hapakuwa na mjadala. Tena lango la kaskazini liko karibu kabisa na Pakwach. Ukishavuka tu.

Baba aligusa upande wa Koboko kwa ncha ya kiatu. "Na upande wetu huku?"

"Kulikuwa na hifadhi ya vifaru. Vifaru wameisha. Mbuga zote ziko ng'ambo ya mto."

"Nani alipanga hivyo?"

Hilo lilikuwa swali zuri, la aina yangu mwenyewe. Kisha akaanza kuahirisha. Januari aliniambia kuna vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa, picha zitakuwa kama zimepigwa ndani ya maziwa. Alisema kweli. Februari alisema jua ni kali mno. Hiyo pia kweli. Mvua za kwanza ziliponyesha, hewa ikasafishika, nyasi bado fupi, akakosa sababu. Asubuhi moja nilimkuta amevaa koti lake la sikukuu ya Idi, kamera ndani ya mkoba wa mkeka.

"Mzee wa Koboko," Mama alimwambia, "ule tembo atakuja lini hapa kuchukua picha yake?"

"Wewe funga domo, fungua studio," Baba alisema. Lakini alimshika mkono kabla ya kuondoka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele yetu.

Pakwach abiria wote tulishushwa tuvuke kwa miguu, gari likifuata nyuma. Nilikuwa nimevuka hapo mara nyingi nikiwaza mitihani. Siku hiyo nilitazama viatu vya Baba tu, kila hatua. Alitembea katikati ya njia, mgongo wima, mikono ikionekana, kama mtu anayekwenda gwaride. Chini yetu mto ulibeba visiwa vya magugu. Nilipotaka kusimama nimwonyeshe, alisema bila kugeuza kichwa, "Endelea."

Upande wa pili alisimama askari kijana, bunduki begani. Alifungua mkoba, akatoa kamera.

"Mzee, hii ya nini?"

Nikafungua mdomo nijibu, Baba akanizuia kwa kiganja.

"Ya wanyama," alisema. "Naenda piga wanyama picha."

"Unatoka wapi?"

"Koboko."

Neno hilo lilikaa pale kati yao.

"Iko filamu ndani?"

"Iko."

"Basi anza na mimi."

Baba alimtazama, kisha akatazama bango lililokataza picha. "Hapa picha hapana ruhusa. Bango nasema."

"Hapana ruhusa ya daraja," askari alisema. "Mimi ni daraja?"

Abiria wakacheka. Baba hakucheka, lakini kitu kilishuka mabegani mwake. Alichukua kamera, akasogea hatua mbili, akafumba jicho moja.

"Geuka, jua nakuuma macho. Daraja ikae nyuma yangu mimi. Kofia juu kidogo. Kidevu chini. Bunduki usishike kama jembe, kijana, shika kama iko yako."

"Ndiyo, mzee," askari alisema, na kila alichoambiwa alikifanya.

"Usicheke. Cheka sasa."

Kamera ikalia. Askari akauliza picha yake ataipata wapi.

"Nitaleta," Baba alisema.

Mbugani tulipata lifti ya pikapu hadi mtoni. Tuliona viboko, mamba, tembo waliosimama majini mpaka magotini. Nilimwomba Baba apige mandhari tupu, mto na anga tu, kama kwenye kalenda. Alikataa katakata. Katika kila picha kuna mimi: mimi na viboko, mimi na maporomoko, mimi nimekunja uso mbele ya tembo anayeonekana mdogo kama mbuzi.

"Picha bila mutu," alisema, "nani atakuja kuchukua?"

Filamu iliposafishwa, picha moja tu ilikuwa nzuri kweli, ile ya askari. Ungedhani ni mkuu wa majeshi, na mwanga wa hewa iliyooshwa na mvua usoni. Niliitazama nikaelewa kwamba Baba ana kazi ya kurudi darajani.

Haikupita wiki, akavaa tena koti la Idi. Nilijitolea kumsindikiza. "Wewe baki fungua studio," alisema.

Tulimtegemea kesho yake. Hakurudi. Siku ya pili Mama alichambua maharage yale yale mara mbili. Siku ya tatu, mchana, aliingia na vumbi mpaka kwenye nyusi, akaomba maji.

"Amehamishwa," alisema. "Wamepeleka yeye Masindi."

"Kwa hiyo umerudi na picha?" Mama akauliza.

"Picha iko na mwenyewe." Akanywa, akaweka kikombe chini. "Masindi iko mbali, kumbe. Watu wake wazuri. Wamenipa chai."

Mama alichukua kikombe, akaenda jikoni.

Baba alivua koti, akalikung'uta, akalitundika juu ya pazia kuukuu, pale alipokuwa simba. Kisha akageukia sakafu. Nilikuwa nimekwisha kuifagia ramani.

"Iko wapi ile chaki yako?" akaniuliza. "Wale simba napanda miti, ulisema wako upande gani?"