Mnaosema reli za treni yangu ni pana mno: kipimo hicho ndicho kilichonipa mke

Wakuu, heshima zenu. Wenye umri wangu humu ndani, sijui kama tunafika wawili, nawapa mkono. Wengine wote nasubiri shikamoo zenu huko chini, marahaba mtapata.

Ninayoandika hapa niliyaona kwa macho yangu na kuyashika kwa mikono yangu. Anayetaka kubisha abishe, ila asome mpaka mwisho kwanza, maana humu kuna watu wanabisha kichwa cha habari tu.

Sababu ya uzi huu ni hii. Juzi niliweka picha za treni yangu ndogo, ile inayozunguka uani kwangu hapa Mtama. Kichwa, mabehewa, daraja, na stesheni niliyoitengeneza kwa bati la debe. Mkanisifu, ahsanteni sana.

Halafu kijana mmoja, mtaalamu wa hizi modeli, akakaa akapiga hesabu kwenye picha. Akaniandikia: "Mzee, kazi safi, ila reli zako ni pana mno kwa skeli hiyo. Umekosea kipimo. Bomoa uanze upya."

Nibomoe! Nilizima simu nikaenda kunywa maji.

Kijana, hesabu yako ni sahihi kabisa, wala sikuchukii. Ila kubomoa sibomoi. Kaa nikueleze.

Enzi za Mwingereza huku kwetu Kusini kulikuwa na reli. Najua wengi mnashangaa. Ilijengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga. Mradi ukafa, reli ikabaki ikibeba mbao, ufuta na korosho. Mimi nilikuwa kijana, fundi seremala, nikapata kazi kwenye karakana ya reli kukarabati mabehewa ya mbao.

Wakuu, mara ya kwanza kuliona lile gari moshi likiingia nilisahau kufunga mdomo. Ardhi ilitetemeka mpaka nikaisikia magotini. Chuma chote kile, kizito vile, kinakuja juu ya vyuma viwili vyembamba, na hakidondoki! Wenzangu walizoea ndani ya mwezi. Mimi sijazoea mpaka leo.

Sasa, Somoe. Alikuja Mtama kumuuguza shangazi yake, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Sitaeleza mengi hapo kwa sababu yuko ndani anapika na huwa anaomba asomewe ninachoandika. Itoshe kusema nilimtaka, naye akanikubali. Akarudi kwao Kipatimu, juu milimani huko Umatumbini, akaniambia nitume posa.

Nikaenda na mjomba wangu. Lori mpaka linapofika, kisha miguu. Njia za kule hazina huruma, mawe na makorongo, ukifika juu unahema kama umefukuzwa.

Baba yake Somoe aliitwa Mzee Mbonde. Mkulima, mrefu, mikono kama majembe. Akatupokea vizuri, tukala, tukanawa. Akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia natengeneza mabehewa ya gari moshi. Akaniuliza linakwendaje. Nikaeleza kwa furaha zote, mnanijua nikianza sinyamazi.

Akanisikiliza mpaka nilipofika kwenye kona.

"Ngoja," akasema. "Usukani uko wapi?"

"Halina usukani, baba."

"Kona linakataje?"

"Linafuata reli, baba. Linakata lenyewe."

Akamgeukia mjomba wangu, akasema taratibu kabisa, "Ndugu yangu, huyu mtoto wenu ni muongo."

Yalaa! Nilitamani ardhi ipasuke.

Msimlaumu. Binti yake wa kwanza alichumbiwa na mtu aliyejiita dereva wa lori la serikali. Maneno matamu, kofia kichwani. Kumbe hata baiskeli hajui kuendesha. Alimwacha dada wa watu na mimba, akapotea. Mzee Mbonde aliapa kwamba maneno hayatamchukulia binti mwingine. Akasema mashine anazijua, ameona ya kukoboa kule misheni, moto na moshi haubishii. Ila gari la kukata kona bila mtu kulikata, hapana.

Mjomba akaanza kuomba radhi ili tuondoke. Mimi nikaropoka, "Nitalitengeneza dogo, nilete ulione."

Mzee akafikiri. Akasema, "Lete. Ila njia nitaijenga mimi, hapa kwangu, na kona nitaiweka mimi. Usije na njia yako yenye ujanja wako. Likipita, una mke. Lisipopita, usikanyage tena mlima huu."

Nikamwambia nafasi kati ya reli na reli iwe vidole vinne. Nikanyoosha mkono wangu nikamwonyesha. Naye akanyoosha wake, akautazama. "Vinne. Nimesikia."

Kule kwetu tulipima hivyo, wakuu. Shubiri, dhiraa, vidole. Nyumba zimejengwa hivyo na hazikuanguka. Hata fundi kama mimi, mwenye futi mfukoni, nikizungumza na mzee nazungumza kwa vidole.

Nikarudi Mtama. Wallahi sijawahi kufanya kazi kama ile.

Skeli niliyochukua: futi moja ya kweli nikaifanya inchi moja. Upana wa reli ya kweli ukatoka inchi tatu na kidogo, na vidole vyangu vinne ni hapo hapo. Nikaona Mungu yuko na mimi.

Bodi za kichwa na behewa nikatumia vipande vya mninga vilivyobaki karakana. Bomba la moshi, bati la debe la mafuta ya taa. Magurudumu nikakereza kwa mpingo, foromani wetu akaniruhusu mashine saa za chakula. Mpingo ukikerezwa unatoa vumbi jeusi linaingia mpaka puani, lakini ukimaliza, loo! Gurudumu linang'aa kama limepakwa mafuta.

Na hapa, vijana wa hobi hii, ndipo penye siri ya kona. Gurudumu la treni halijanyooka. Upande wa ndani ni mnene, wa nje ni mwembamba, limelala kidogo kama kikombe. Laza kikombe mezani ukisukume uone, hakiendi mbele, kinazunguka. Magurudumu mawili ya namna hiyo kwenye ekseli moja, njia ikipinda nayo yanapinda. Halafu kuna ukingo kwa ndani, unashika reli yasitoke. Siku nilipoelezwa hili karakana nilikaa chini. Kumbe kona iko ndani ya gurudumu lenyewe! Mtu alikaa wapi akaliwaza hili?

Haya. Siku ikafika, tukapanda tena mlima, treni nimeifunga kwenye kanga.

Wakuu, nilipoiona njia ya Mzee Mbonde nilisimama.

Alikuwa amepasua mianzi, akaisugua kwa mchanga mpaka ikateleza kama reli za kweli. Mataruma ya kulazia reli, ya mti mgumu, moja moja, yamepangwa na kufungwa kwa kamba. Inaanza juu kwenye ghala, inateremka, inazunguka jiko lote kwa kona ndefu, inaishia barazani. Mtu ambaye hajawahi kuona reli hata siku moja! Nilimwangalia kwa macho mengine. Mtu anayetaka tu kukuumbua hajengi hivyo. Yule mzee alitaka kuliona.

Ukoo umejaa uani. Wanawake upande wa jiko, Somoe kasimama mlangoni, kajishika kanga. Mama mkwe simwoni, desturi hairuhusu tukutane uso kwa uso, ila nilijua yuko nyuma ya ule ukuta wa jiko anasikiliza.

Nikapanda ghalani. Bismillah. Nikaweka behewa juu ya reli.

Pu! Likatumbukia katikati. Limelala kwenye mataruma kama mbuzi aliyechoka.

Nikaliinua, nikaweka kichwa. Nacho pu! Gurudumu la kushoto likikaa, la kulia halifiki.

Kimatumbi sikijui, ila nilijua wananicheka. Mjomba alikuwa anatazama miguu yake. Mzee Mbonde hakucheka. Alinyanyuka akaanza kuelekea ndani, na sura yake wakuu, sitaisahau. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni, kama mtu aliyekuwa anaomba moyoni safari hii asidanganywe.

Somoe ndiye aliyepiga kelele. "Baba, ngoja! Pima mkono!"

Kumbe yeye alimwona baba yake wiki zote zile akijenga, anaweka vidole vinne kila baada ya taruma moja. Na mkono wangu anaujua. (Msiulize anaujuaje.)

Nikapiga magoti, nikaingiza vidole vyangu vinne kati ya reli. Vikacheza, nafasi ikabaki ya kidole kingine chembamba. Mzee akarudi, akachuchumaa, akaingiza vyake. Vikajaa kabisa, hata wembe haupiti.

Halafu uani kote wakaangua kicheko, safari hii mpaka mjomba.

"Sasa," akasema Mzee, "mwenye vidole vya haki ni nani hapa?"

"Ni wewe, baba. Njia ni yako."

"Basi rekebisha gari."

Ningerekebisha kwa kitu gani? Ekseli zangu ni fupi, na mti mkavu mwembamba ulionyooka pale sina. Nimekaa nimeshika kichwa, mara Somoe akatoka jikoni na miko miwili ya kusongea ugali, mipya, mirefu. Akaninong'oneza, "Mama anasema ukate."

Mama mkwe! Mtu ambaye sijawahi kumwona uso, kanipa miko yake! Na kinu akanitolea pia, nikakipindua kikawa benchi. Nikakata mikono ya ile miko, nikaichonga kwa kisu, nikagonga magurudumu upya. Mzee Mbonde kakaa pembeni yangu, kila ekseli nikimaliza ananyoosha mkono, naipima kwenye vidole vyake. Adhuhuri ilitukuta hapo, tukaswali, tukarudi.

Alasiri nikapanda tena ghalani.

Safari hii magurudumu yakakaa. Yakatoa mlio mdogo, tik. Nikatazama chini, nikaachia.

Likaanza polepole. Kisha likashika mwendo, mpingo juu ya mwanzi, linavuma kama nyuki. Likaikaribia kona. Likaingia konani. Likajilaza kidogo, likapinda, likafuata jiko, hakuna mtu kaligusa, hakuna usukani, hakuna kamba. Likatokea upande wa pili likiwa zima.

Hakuna aliyepiga makofi. Nasikia mpaka leo ule ukimya na ule mvumo. Mimi niliyelitengeneza, ninayejua kila kitu kilichomo ndani yake, machozi yalinitoka. Bibi mmoja alisema "Subhanallah" kwa sauti ya chini, na ndivyo ilivyokuwa.

Lilipofika barazani Mzee Mbonde aliinama, akaweka kiganja chake njiani, likamgonga taratibu likasimama. Akalishika. Akaligeuza juu chini, akazungusha gurudumu kwa kidole, akazungusha tena. Macho yake yalikuwa kama ya mtu anayepakata mjukuu.

"Linakata lenyewe," akasema.

Halafu akanishika mkono, akaulaza juu ya wake watu wote waone. "Mkono wako umekonda, mwanangu. Njoo ule kwetu."

Mjomba akanipiga kofi la mgongo nikakaribia kuanguka. Ndipo nilipoelewa kwamba nimepewa.

Nilioa. Nikamlimia mkwe wangu shamba msimu mzima kama desturi ilivyotaka, na kila jioni ananiambia lete lile gari. Kabla sijaondoka nilichukua kipande cha mpingo nikakikata upana sawasawa na vidole vyake vinne. Kikawa kipimo changu.

Reli ya kweli waliing'oa baada ya Uhuru, vyuma vikaenda kwingine, karakana sasa ni majani. Mzee Mbonde naye alitangulia zamani, Mungu amrehemu. Kile kipande cha mpingo kipo kwenye benchi langu, na kila reli niliyowahi kutandaza uani hapa nimeipimia hicho.

Kwa hiyo, kijana wa hesabu, ndiyo, reli zangu ni pana kuliko skeli. Zimezidi kwa sababu ya upana wa mkono wa mtu.

Nilichojifunza mimi: ukimwambia mtu kipimo, muulize anapimia nini. Na mtu akikubishia kitu, mwangalie kama anatamani kiwe kweli. Wa namna hiyo mjengee, usimkasirikie.

Jambo la mwisho. Baada ya ile komenti nilienda uani na hasira zangu, nikachuchumaa kwa tabu, nikaingiza vidole vyangu vinne kati ya reli. Sijafanya hivyo miaka mingi. Mikono imevimba viungo, uzee, jembe, randa.

Vimejaa. Hata wembe haupiti.

Nikamwita Somoe aje aone. Akaja na mwiko mkononi, akainama, akatazama, akasema, "Umekula kwetu ukashiba."

Uwanja ni wenu. Wenye wazee waliofanya kazi reli ya Kusini semeni wanakumbuka nini, na wewe mtaalamu wa skeli njoo Mtama siku moja, kuna kona nataka uione. Zile shikamoo sijazisahau.