Blanketi la Mti wa Mepo

Baba yangu alikuwa mgema maisha yake yote. Alipofika kwetu North York, huku ughaibuni, mwezi wa Februari, alisimama kwenye dirisha la jikoni, akaukagua mti ulioko nyuma ya nyumba, akautangaza maiti.

"Mti usio na jani hata moja ni kuni," alisema. "Mnangoja nini kuukata?"

Nikamwambia ni mepo, wa aina ile inayotoa sukari, na kwamba haujafa, umelala tu. Akanitazama kama mtu anayeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nikamletea maji ya ndimu. Hakuyagusa. Kwetu Kilifi mgeni hanywi kitu mpaka mwenyeji aonje mbele ya macho yake, ijulikane hakina uchawi. Nikaonja, ndipo akanywa. Mimi ni bintiye wa kuzaa, na bado nilionja kila kikombe, hata cha maji ya mfereji, kwa sababu kwa Baba adabu ni adabu.

Alikuja kwa ajili ya mimba yangu. Mama alishatangulia mbele ya haki, mtoto wetu wa kwanza alitarajiwa Aprili, na nilimtaka mtu wangu mmoja ndani ya nyumba siku hiyo. Nilimtaka sana, mpaka nikaona haya kusema. Lakini hazikupita wiki nyingi akaanza wimbo wa kurudi. Baridi inamla magoti. Jua la huku ni picha tu. Mume wangu akienda kazini nami nikilala, yeye anabaki amefungiwa kama kuku anayeatamia. Akataka tikiti yake ibadilishwe.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilikuwa nimechelewa, lakini nikampa: nikamwambia mti ule hugemwa.

Aliweka kikombe chini. Tukawekeana sharti hapo hapo mezani. Mti ukitoa chochote kabla ya mwezi kwisha, atakaa mpaka nijifungue. Usipotoa, aende zake na nisimlilie.

Mume wangu akatoboa shina kwa keekee, usawa wa kiuno, akapigilia mrija mfupi na kutundika ndoo. Baba alisimama kwenye theluji ndani ya koti langu la zamani la zambarau, akicheka mpaka akakohoa.

"Mnaugema miguuni! Tembo liko kichwani, kwenye karara la maua. Nipeni kisu cha kotama nipande."

Nikamweleza nilichosoma. Mepo hupika sukari yake kiangazi, kwa majani, ukaiweka akiba shinani kabla ya kuyapukutisha. Kugemwa kwake hakutaki joto peke yake. Usiku uwe wa barafu, ndipo mti uvute maji kutoka mizizini. Mchana barafu iyeyuke, ndipo uyasukume nje. Kikikosekana kimoja, hupati tone.

"Mti unaotaka baridi," alisema Baba. "Hata mimi ningekuwa mwongo, nisingethubutu uongo huo."

Baridi haikulegea mchana wala usiku, na ndoo ikabaki kavu. Kila asubuhi Baba alirudi kutoka uani na furaha ya mtu aliyeshinda kesi ya shamba. "Kuni," alitangaza, akaomba chai. Nikaionja, nikampa. Nilianza kuuchukia ule mti. Nilikaa dirishani nikiutukana kimoyomoyo: shina la kukumbatiwa na watu wawili, halafu linashindwa hata kutema mate!

Aliyenifungua macho ni jirani yetu, mama wa Kigoa mzaliwa wa Nairobi, karani mstaafu. Alileta keki, akaninong'oneza mlangoni.

"Mzee wako ako sawa?"

"Ako sawa. Kwani nini?"

"Kila jioni anafunga ule mti na blanketi. Mimi namwona kwa dirisha ya jikoni. Asubuhi kabla uamke, anaitoa. Jana ameongeza sweta."

Nikapanda chumbani kwake alipokuwa akioga. Blanketi nililomnunulia lilikuwa limekunjwa vizuri kitandani, baridi kama samaki wa friji, limejaa vipande vya maganda. Nikalikalia nikacheka, nikalia kidogo, nikacheka tena. Mzee anayeuita mti kuni mchana, jioni anaufunika usipate homa! Kumbe naye alitaka utoe. Alidhani unaona baridi, kama ambavyo mnazi wowote ungeona.

Sijui kama blanketi moja laweza kuuzuia mti mkubwa namna ile usigande usiku, pengine haukujali. Lakini sikutaka kubahatisha, wala kumwaibisha. Kwa hiyo redio iliposema kesho jua litatoka, nilifua kila blanketi la nyumba na masweta yake yote, nikayaacha yamelowa ndani ya mashine.

Jioni nikamsikia akifungua makabati.

"Mwanangu, blanketi langu li wapi?"

"Nimelifua, Baba. Lilikuwa na maganda ya mti. Sijui yametoka wapi."

Akafunga kabati. "Panya," akasema.

"Panya wanaoparamia miti?"

"Hao hao."

Kesho yake jua likatoka, paa likaanza kudondosha maji, na kabla ya adhuhuri Baba akaniita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa mdogo. Nilimkuta ameinama, sikio karibu na ndoo, akisikiliza tone baada ya tone. Akachota kikombe, akakiinua kwenye mwanga. Utomvu ulikuwa mwangavu kama kioo.

"Huyu mgema wenu amesifiwa sana," alisema. "Katia maji matupu."

Nikanyoosha mkono nionje kwanza, kwa mazoea. Akakivuta kikombe kifuani.

"Tulia. Mwenyeji ndiye anayeonja."

Akanywa, akafuta masharubu, akanipa kikombe.

"Haya, kunywa. Hakina uchawi."