Wimbo Mfupi wa Wageni

Iko siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, nayo ni ile niliyoharibu wimbo wa taifa la watu. Sikuwa na nia ya kukusimulia, maana hainipi sifa hata kidogo. Lakini Jumamosi, tulipokuwa tukitazama mpira katika ule mkahawa wa Westlands, nilikusikia ukizomea wimbo wa wageni, chai ikanipalia. Na kesho unakwenda uwanjani mwenyewe. Basi keti kidogo.

Ujanani nilikuwa napuliza tarumbeta katika bendi ya kanisa letu pale Kawangware. Mchana nilikata nyasi na kupunguza michongoma kwenye nyumba moja ya Lavington, jioni nikaenda mazoezini. Kiongozi wetu alikuwa Mzee Mutiso, Mkamba wa Machakos, mtu mfupi ambaye masikio yake hayakupitwa na kosa. Mwaka huo Nairobi ikakaribisha mashindano ya mpira wa wavu ya wanawake kutoka nchi jirani, na bendi yetu ikaombwa kupiga nyimbo za taifa. Kwa kuwa tarumbeta yangu ndiyo iliyoongoza, nilivimba kichwa mpaka kofia ikanibana.

Desturi unaijua: wimbo wa mgeni hutangulia, wa mwenyeji hufuata. Wetu niliufanyia mazoezi hadi majirani wakanisihi ninyamaze. Wa Uganda, wageni wetu wa mechi ya kwanza, sikuugusa. Mzee aliponipa karatasi ya noti, niliikunja nikaitia mfukoni, nikijiambia kwamba wimbo wenyewe ni mfupi, utajipiga. Na nikuambie ukweli wote, moyoni nilisema pia kwamba hao tumewaita tuwachape, hatukuwaita tuwaburudishe.

Siku ya mechi ya kwanza ukumbi ulifurika. Wasichana wa Uganda wakajipanga, mikono ubavuni, macho mbele. Nikapuliza. Kufika noti ya tatu nikapotea, na wenzangu walionifuata wakapotea nami. Watu wetu wakaangua kicheko, mmoja akapiga mluzi, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao. Nahodha wao, dada mrefu aliyeitwa Nakato, alisimama wima hadi fujo yetu ilipokwisha, machozi yakimlengalenga. Mechi ikachezwa kwa hasira, mashabiki wakashikana mashati mlangoni, na mwisho wake wachezaji hawakupeana mikono.

Mzee Mutiso hakunigombeza mbele za watu. Tulipofika nje alininyooshea mkono.

"Lete hiyo tarumbeta."

"Mzee, nimekosea kidogo tu."

"Kidogo? Wimbo ni fupi hivyo na bado imekushinda? Ungepewa refu ungetuua!" Akaitia ndani ya mfuko wake. "Enda kwa hao wasichana wakufunze. Siku watakuja kuniambia umejua, nitakurudishia. Wakikataa, fainali utaskizia huko kwa mashabiki."

Fainali ilikuwa Jumapili, na ile tarumbeta ndiyo iliyokuwa fahari yangu yote katika mji huu. Usiku huo sikula.

Kesho yake, nilipotoka kazini, nilitembea hadi Spring Valley, kwenye hosteli walikofikia. Nikawakuta mezani wakila wali na maharagwe. Niliomba msamaha kwa sauti ndogo, nikieleza kwamba tarumbeta nimenyang'anywa na kwa nini. Nakato akasema, "Haya. Imba na mdomo, tusikie."

Nikaanza, pa-pa-paa. Timu nzima ikaweka vijiko chini, ikainuka. Nikakosea, wakaketi. Nakato akanirekebisha, nikaanza upya, nao wakainuka tena. Mwanangu, wale wasichana hawakuweza kuusikia wimbo wao wakiwa wamekaa, hata ukitoka katika kinywa cha mpumbavu kama mimi. Mara ya tano, dada mmoja aliyekuwa akipakua chakula akanisogelea.

"Ssebo," akaniita kwa upole, yaani bwana kwa Kiganda, "jua wimbo haraka. Chakula inapoa."

Tukacheka wote, hata Nakato. Mara ya saba nikaupata, nao wakaimba maneno juu ya sauti yangu, na nywele zikanisimama. Niliona haya jinsi nilivyouchezea. Kisha wakanipakulia sahani. Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mimi ni mwenyeji niliyelishwa na mgeni mjini kwangu mwenyewe!

Jumapili tukakutana tena na Uganda katika fainali, na Nakato alimwendea Mzee Mutiso kabla ya mechi, akamnong'oneza, na tarumbeta ikarudi mikononi mwangu. Tukaupiga wimbo wao bila doa. Nakato akanikonyezea jicho. Mechi ilikwenda seti tano, watu wakapiga kelele mpaka wakakauka, na mwisho, mwanangu, walituchapa.

Unajua maana yake? Bingwa hupigiwa wimbo wake mara ya pili. Nikasimama ingawa tumeshindwa, nikawapigia tena. Wale wale waliocheka siku ya kwanza walisimama, kofia mkononi, kimya kabisa. Ulipoisha, wachezaji wa pande zote mbili wakakumbatiana chini ya wavu. Mzee Mutiso akaninong'oneza sikioni.

"Hiyo ndiyo ngumu," akasema. "Ya kwetu hata kasuku angepiga."

Nakato sasa ni nyanya mwenye wajukuu, na kila Krismasi hunitumia salamu. Uchaguzi ukichacha huku, yeye ndiye wa kwanza kupiga simu kuniuliza kama tuko salama. Urafiki huo haukuletwa na mabalozi, uliletwa na mpira na maharagwe yaliyopoa.

Kwa hiyo sikiliza. Shangilia timu yako hadi sauti ikukimbie, wala usione aibu kutaka kushinda. Lakini asiyekubali kushindwa si mshindani, na heshima si utumwa. Ukimheshimu mgeni kwa dakika moja ya wimbo wake, mtagombania mpira mpaka jioni na bado mtaagana mkicheka. Kesho wimbo wao ukianza, simama. Hata kama umeshika chipsi, ziache zipoe.

Mungu akupe ushindi wa kukufurahisha na kushindwa kwa kukufunza, akurudishe nyumbani salama, na ukirudi, uwe umepata rafiki mmoja aliyevaa jezi ya upande wa pili.