Chupa ya Mtafiti

Mwaka ule wa 1954, mtafiti aliyekuja Bariadi kujua kwa nini mwanamke hunenepa hedhi ikikoma alikuwa na mikono ya taratibu, kama anayefunika mtoto aliyelala. Alipima wanawake kwenye mizani ya ghala la pamba huku akijipepea kwa kofia, hata asubuhi za baridi. Nyuzi za pamba zikielea, alizitazama mpaka akasahau swali. Siku alipoomba mkojo wa kupimia estrojeni, homoni ya kike, ambao bila huo utafiti ungekufa, hakuna aliyegusa chupa.

“Wako uko wapi?” Nyanjige, muuza maziwa, akamuuliza. “Au wasomi hamkojoi?”

Mtafiti akachukua chupa, akaenda nyuma ya ghala. Alirudi nayo imejaa, jasho likimtiririka. Nyanjige akamgusa paji la uso.

“Kumbe na wewe joto letu limekushika, dada,” akasema, akachukua chupa tupu. Wenzake wakamfuata nyuma ya ghala, wakicheka.