Sikio la Kushoto la Fundi Meno

Walimwita Sikio, na jina hilo hakuliokota njiani. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki moja ya meno: dirisha dogo, meza ya saruji, sufuria ya kuyeyushia nta, na vumbi la plasta lililomkaa mpaka kwenye kope. Humo alikuwa amekaa miaka kumi na tisa akisaga na kung'arisha meno ya watu asiowaona. Lakini akiwa humo humo, mlango umefungwa, aliweza kuwaambia wauguzi kwamba kigari cha dawa huko juu kimeishiwa grisi gurudumu moja. Wakienda kuangalia, wanakuta ni kweli.

Nyumbani alikuwa na spika mbili ndefu alizoziunda kwa mikono yake, kwa mbao za kabati la nguo la marehemu mama yake. Zilimchukua miaka sita. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, mtu wa kusema analoliona, alizoea kuwaonyesha wageni. "Hawa ni wake wenzangu," alikuwa akisema. "Hawali, hawaugui, na wanafutwa vumbi kila siku. Mimi nitashindana nao wapi?"

Kila Jumamosi saa nne asubuhi walikuja wenzake watatu. Wa kwanza ni Fundi Saa, mwenye kibanda cha kutengeneza saa, ambaye imani yake yote ilikuwa kwenye waya wa spika, kwamba ukiwa mnene sauti inakuwa safi. Wa pili Mwalimu, mstaafu wa hesabu, aliyekuja na mizani yake, kipimajoto chake na birika lenye shingo ndefu kama ya korongo, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine yeyote kupika kahawa. Wa tatu Mkutubi, mama wa makamo kutoka maktaba, mwenye chupa mia na kumi na nne za wino na kalamu za kuuchovya. Hao walikaa sebuleni kwa Sikio mpaka adhuhuri, wakipiga santuri na kubishana.

"Gramu kumi na nane," Mwalimu alisema Jumamosi moja, ameinama juu ya mizani. "Maji digrii tisini na tatu. Msinisemeshe."

"Mwalimu, hiyo ni kahawa au dawa ya mifugo?" Fundi Saa aliuliza.

"Mwache," Mkutubi alidakia. "Juzi alinikaribisha kikombe kimoja. Nikaaga, nikaenda kazini, nikarudi, nikamkuta bado anapima."

"Cheka tu, wewe unayenunua wino mweusi wa aina tisa."

"Kumi na moja. Na hakuna unaofanana na mwenzake."

Fundi Saa naye hakuachwa salama. Waya aliokuwa ameagiza kwa ajili ya spika ulikuwa mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe, na alipoulizwa nyumbani ni wa nini, aliona aibu, akamwambia mkewe ni wa kuanikia nguo. "Basi akaanika," alisimulia siku hiyo, uso mkavu. "Mashuka. Na nawaambieni, tangu siku hiyo besi imekuwa safi." Mkutubi alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Sikio naye alicheka. Kwenye mabishano hayo neno lake ndilo lililokuwa la mwisho. Akisema sindano imechoka, imechoka.

Jumanne moja asubuhi, akipiga mswaki, sikio lake la kushoto lilizimika. Halikuuma. Palikuwa na mlio mwembamba kama wa taa ya tyubu inayotaka kuungua, halafu upande ule wa dunia ukafungwa. Alitikisa kichwa. Alijichokonoa kwa kidole. Akajisemea ni nta ya sikio, akaenda kazini, ambako siku nzima aliyeyusha nta nyingine.

Siku ya tatu alijua si nta. Alisugua vidole viwili karibu na sikio lile, asisikie kitu. Alikaa kwenye kigoda mbele ya taya la plasta na kungoja aogope. Hakuogopa. Kitu fulani ndani kilikuwa kama shavu lililodungwa ganzi: unaligusa, unajua ni lako, lakini halikuambii neno. Akachukua patasi ndogo akaendelea kuchonga fizi.

Hakumwambia mtu. Wala hakuamua kuficha. Kila siku ilipita bila yeye kusema, na kesho yake ikawa vigumu zaidi kidogo. Jumamosi alijibanza mwisho wa kochi upande wa kushoto, watu wote wawe kuliani kwake. Santuri zilipigwa. Spika zake mbili, ambazo zamani zilimjengea jukwaa zima ukutani, mpiga ngoma huku, mpiga gitaa kule, sasa zilikuwa kama redio ya jirani. Alitikisa kichwa palipostahili kutikiswa. Wenzake walipogombana kuhusu waya, alisema, "Subirini upate moto," nao wakaona ni busara.

Mkewe ndiye aliyeumia. Mezani alikuwa anakaa kushoto kwake, na amekaa hapo miaka ishirini na miwili. Anauliza jambo, hajibiwi. Anauliza tena, mume anatafuna tu.

"Naongea na ukuta?" alisema siku moja.

Sikio akaendelea kula. Wiki ya tano mama wa watu akaacha kabisa kumsemesha mezani, akala akitazama cherehani yake.

Jumamosi ya wiki ya tisa, Mwalimu aliingia na hoja. "Leo tumalize ubishi. Tumfunge Sikio macho. Tunaweka waya wa Fundi, halafu tunaweka waya wa kawaida wa taa. Akitofautisha, naimwaga kahawa yangu."

"Imwage hata asipotofautisha," Fundi Saa akasema, tayari amepiga magoti nyuma ya amplifaya.

Wakamfunga kwa taulo la jikoni na kumkalisha katikati. Fundi Saa aliunga waya wa spika ya kulia. Alikuwa bado anahangaika na wa kushoto pale Mwalimu, kwa haraka zake, alipotua sindano kwenye santuri. Muziki ukatoka upande mmoja tu. Spika ya kushoto ilikuwa bubu kama jiwe. Wote watatu wakamgeukia Sikio, wakingoja aruke kama aliyeumwa na siafu.

Sikio alitikisa kichwa taratibu. "Huu ndio wako, Fundi," alisema. "Mwimbaji amesimama katikati kabisa."

Mkutubi akacheka. "Katikati ya wapi, mwenzangu?"

"Hapo." Akanyoosha kidole penye nafasi tupu kati ya spika mbili.

Kicheko kikaisha. Mwalimu alitaka kusema kitu, Fundi Saa akamzuia kwa mkono. Alivua saa yake, akasogea kimya kimya, akaishika karibu na sikio la kushoto la rafiki yake. Hakuna kilichotokea. Akazunguka kulia, akaishika vile vile.

"Hiyo saa inataka mafuta," Sikio akasema.

Halafu akaelewa amefanywa nini. Akavua taulo, akalikunja mara mbili, akaliweka gotini.

"Tangu lini?" Fundi Saa aliuliza.

"Hii wiki ya tisa."

Mkewe alikuwa mlangoni, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Alikuwa amekuja kuchukua vikombe. "Wiki ya tisa," alirudia. Akaingia, akakaa kwenye mkono wa kochi. "Nimekuuliza mara ngapi kama nimekukosea?"

"Mara nyingi."

"Kwa hiyo ulikuwa hunisikii."

"Nyingine nilisikia," Sikio akasema.

Mwalimu aliinua sindano. Kahawa ilikuwa imepoa, na kwa mara ya kwanza hakupima nyingine.

Jumatatu mkewe alimpeleka kwa daktari wa masikio, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alimpima, akamfungia kwenye kibanda kidogo chenye kuta za sifongo, akamtoa. Akawaambia kwamba mshipa wa fahamu ulikuwa umekufa. "Mngekuja siku zile za mwanzo, tungejaribu dawa. Sasa tumechelewa."

"Sikio la kufa halisikii dawa, daktari," Sikio akasema.

Daktari akacheka, kisha akaona mke hacheki, akaacha. Njiani kurudi mkewe alilia bila kujificha, watu wakipishana nao. Yeye alimbebea mkoba. Alijua kwamba hapo ndipo mtu angelia, na alijaribu kidogo, kama mtu anayejaribu kupiga chafya.

Jumamosi iliyofuata aliwaambia wenzake wazichukue spika. Fundi Saa achukue, au wagawane.

"Nani aje hapa kwa ajili ya spika?" Mkutubi alisema. "Tunakuja kugombana. Nikikaa nyumbani nagombana na chupa za wino."

Fundi Saa alikuwa amekuja na chuma cha kulehemu. Akafungua amplifaya, akaunganisha njia mbili za sauti kuwa moja, mambo yote yatoke spika ya kulia. Ilimchukua asubuhi nzima, lenzi yake ya kutengenezea saa jichoni. Wakajaribu. Sikio alisikiliza upande mmoja wa santuri mpaka mwisho. Ngoma ilikuwepo, gitaa lilikuwepo, hakuna aliyekosekana, ila wote walikuwa wamepangwa foleni ndani ya tundu moja.

"Vipi?" Fundi Saa aliuliza.

"Sawa."

"Sawa sawa, au sawa tu?"

"Sawa tu, ndugu yangu."

Fundi Saa aliitikia kwa kichwa, akakusanya vyombo vyake. Mezani, mkewe alikuwa amekwisha kuhamisha kiti chake upande wa kulia.

Miezi ikapita. Jumamosi waliendelea kuja, na Mwalimu akaanza kukaanga kahawa yake mwenyewe kwenye kikaango, ikawa tabu mpya ya kusutana. Kazini Sikio hakubadilika, ila alikuwa akigeuza kigoda ili mlango uwe kuliani kwake.

Siku moja madaktari walimtia bibi mmoja meno mapya ya bandia, yakawa yanambana, na Sikio akaitwa chumba cha mbele kuyarekebisha. Alisaga kidogo, akamrudishia, akamwambia aume meno. Bibi akauma, akajipapasa midomo.

"Mwanangu, nitazoea?"

"Utazoea, mama. Wiki sita."

"Na ladha ya chakula je? Itarudi?"

Sikio alifikiri. Wanaohudumia wagonjwa huko mbele hufundishwa kujibu ndiyo.

"Nusu yake," akasema. "Fungua mdomo tena, nione huku nyuma."